Mkonga Uliokataa Kunyooka: Kisa cha Pikapu Iliyonyanyuliwa Kupita Kiasi

Mzee alifika saa nne asubuhi, shati limemlowa jasho, na Arusha wakati huo ilikuwa kwenye ile baridi ya Julai. Alikuwa ameondoka Mto wa Mbu alfajiri. Zile kilomita mia na ushee za lami zilimchukua zaidi ya saa tatu, malori ya kokoto yakimpita na kumpigia honi kama anaendesha mkokoteni. Hakungoja hata shikamoo yangu. Alinyoosha kidole kwenye usukani akasema, "Fundi, hii gari inataka kuniua."

Gari lenyewe ni Land Cruiser pikapu, 79, injini ya 1HZ, ile dizeli ya silinda sita na ujazo wa cc 4,164 isiyo na tabo. Hapa kwetu watu wengi huyaita magari haya "mkonga", kwa sababu ya lile bomba la hewa linalopanda pembeni mwa kioo kama mkonga wa tembo. Mzee hulitumia kupeleka mahitaji kwenye kambi ya wageni karibu na Ziwa Natron: maji, mitungi ya gesi, mchele, dizeli ya jenereta. Kwa safari moja hubeba kuanzia nusu tani hadi kilo 800. Ukishaiacha lami ya Mto wa Mbu unaingia Selela, Engaruka, kisha Engare Sero, na humo ndimo gari linapolipia mafuta yake. Kuna vumbi laini kama unga wa ngano, kuna mawe meusi ya volkano, kuna makorongo ambayo asubuhi ni makavu na jioni yanateremsha maji ya kahawia kutoka mlimani, na kuna vile vimikunjo vya barabara vinavyofanana na bati la mgongo, vinavyotikisa gari mpaka meno yanauma.

Miezi minane kabla ya siku hiyo alikuwa amelinyanyua gari. Alinunua seti ya springi za inchi 3, shokapu ndefu, na matairi 285/75R16 yenye rimu pana zilizotokeza nje. Nyuma aliongezewa pasi moja, yaani bamba moja la chuma, kwenye springi, na sheko, vile vishikio vya ncha ya springi, ndefu zaidi. Kwa macho lilipendeza. Hata mimi, ambaye siku hizi sishangazwi sana na magari marefu, nililizunguka mara mbili.

Kwa miezi miwili ya kwanza hakuna lililotokea. Baadaye, siku moja akiwa kwenye lami kwa mwendo wa 70, alipita juu ya rasta za kupunguza mwendo na usukani ukaanza kucheza. Haukuwa mtetemo wa kawaida wa tairi lisilobalansiwa. Ulipiga kushoto na kulia kwa nguvu ya kumtoa mtu mikono, boneti nzima ikatikisika, na haukutulia mpaka aliposhuka hadi 40. Tangu hapo ukawa unarudi. Kwanza mara moja kwa wiki, halafu kila siku, halafu kila penye kiraka.

Alipitia karakana tatu kabla ya kufika kwetu. Sizitaji, na sina haja ya kuzisema vibaya, maana kila moja ilifanya kitu ambacho peke yake si kosa. Ya kwanza ilibalansi matairi. Ya pili ilifanya alaimenti. Ya tatu ilimfungia shokapu mpya ya usukani, ile dampa inayolala nyuma ya rodi ya stelingi, na mtetemo ukapotea kwa wiki tatu. Uliporudi wakamfungia nyingine, nzito zaidi. Hiyo ikadumu siku kumi.

Siku hizo kumi ndizo zilizoniambia mengi kuliko kitu kingine chochote mzee alichonisimulia. Dampa kazi yake ni kumeza mishtuko midogo ya mawe isimfikie dereva mikononi. Gari lisilo na ugonjwa hutembea vizuri hata bila dampa, usukani unakuwa mwepesi tu na unapigapiga kidogo kwenye mawe. Kwa hiyo gari linaloweza kutulia kwa dampa mpya peke yake lina ugonjwa mwingine, na dampa inaubeba ugonjwa huo mpaka inachoka. Tuliifungua siku hiyohiyo, tukalipeleka gari kwenye barabara tupu, taratibu. Usukani ulianza kucheza kwenye 50.

Kabla ya kuinua jeki

Vijana wengi wanaoingia kwenye kazi hii wakisikia usukani unatetemeka wanakimbilia jeki. Mimi huanza gari likiwa chini, matairi yakiwa yamebeba uzito wote. Mmoja anakaa kwenye usukani na kuuzungusha kushoto na kulia, kidogo tu, kama robo ya mzunguko, bila kukoma. Mwingine analala chini na kuweka kiganja juu ya kila kiungo, kimoja baada ya kingine. Kiganja kinasikia kile ambacho jicho halioni. Tairodi endi zote nne zilikuwa nzima. Boksi ya stelingi haikuwa na mchezo wa kutia shaka. Nilipofika kwenye rodi ya panhadi, ile inayozuia ekseli ya mbele isihame kushoto wala kulia, sikuhitaji hata kiganja. Kila usukani ulipogeuka, upande wa chesisi bolti ilihama kwanza ndani ya tundu lake, ndipo ekseli ikafuata. Bushi, ule mpira unaoizunguka bolti, ilikuwa imekatika na tundu lenyewe limeanza kuwa yai.

Bushi ile haikuwa ya zamani. Mzee alikuwa na risiti, ilifungwa pamoja na springi. Kwa nini ife ndani ya miezi minane? Jibu tulilipata kwa kuitazama ilivyochanika. Bushi ya mpira haizunguki kama beringi. Mpira umeshikana na chuma cha ndani na cha nje, na gari linapopanda na kushuka ni mpira wenyewe unaojipinda na kurudi. Ukikaza bolti yake wakati gari liko juu ya jeki na ekseli inaning'inia, umeufunga mpira katika mkao huo. Ukishusha gari, mpira unapindwa hata kabla safari haijaanza, na unabaki umepindwa usiku na mchana. Hiyo ndiyo sababu bushi zote za mpira hukazwa gari likiwa limesimama kwa matairi yake, kwenye kimo chake cha kila siku. Ni jambo la dakika kumi, na nimekuta limerukwa kwenye magari mengi yaliyonyanyuliwa kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Tukapandisha jeki. Ukishika tairi juu na chini na kulitikisa, ukakuta linacheza, bado hujajua kama ni beringi ya gurudumu au ni beringi za nako, zile ndogo mbili, ya juu na ya chini, ambazo gurudumu linageukia. Mwambie mtu akanyage breki. Mchezo ukipotea, ni beringi ya gurudumu. Ukibaki, ni nako. Huu wetu ulibaki, pande zote mbili, na wa kushoto ulikuwa mbaya zaidi. Tulipotoa tairodi na kuivuta nako kwa mizani ya springi, ile ya kupimia nyama buchani, iligeuka kabla mshale haujafika kilo 1. Nako yenye afya huupinga mkono wako kidogo, na upinzani huo ni sehemu ya dawa ya mtetemo.

Tulipofungua lile bakuli la duara kwenye ncha ya ekseli, ambamo nako inageukia, tulikuta uji. Sili ya ndani ya ekseli ilikuwa imeisha, oili ya difu, lile boksi la gia la kwenye ekseli, ikaingia na kuchanganyika na grisi, na mchanganyiko huo ulikuwa ukivuja polepole kwenye ukingo wa bakuli na kukusanya vumbi la Engaruka. Beringi ya chini ya kushoto ilikuwa na alama za mikwaruzo kama kucha zimepita juu yake.

Hapo fundi mwenye haraka angesimama. Bushi imekufa, beringi zimekufa, badilisha, chukua hela. Gari lingetoka likiwa limetulia, na lingerudi baada ya nusu mwaka.

Karatasi iliyokuwa ndani ya dashibodi

Nilimwomba mzee karatasi ya alaimenti aliyofanyiwa kule kwingine. Alikuwa ameikunja mara nne na kuiweka pamoja na bima. Mashine ilikuwa imepima kila kitu na kuchapa kila kitu. Tou, yaani jinsi matairi ya mbele yanavyoelekeana, ilikuwa ya kijani, nzuri kabisa. Mistari miwili chini yake, kasta ilikuwa nyekundu pande zote mbili: hasi nusu kulia, hasi 1 kushoto. Gari lile kiwandani hutoka na kasta ya takriban nyuzi 3 chanya.

Aliyefanya alaimenti hakudanganya. Kwenye ekseli nzima kama hii ya 79, yaani chuma kimoja kutoka gurudumu hadi gurudumu, hakuna bolti ya kurekebisha kasta. Kinachorekebishika ni tou peke yake, naye akairekebisha, akatoa karatasi, akachukua malipo. Hakuna aliyeisoma karatasi mpaka mwisho.

Kwa msomaji asiye fundi, kasta ni huu mlalo: tazama foku ya baiskeli. Haikusimama wima. Imelala, juu yake ikielekea kwa mpandaji na chini ikitangulia mbele. Ndiyo maana unaweza kuachia mikono kwenye mteremko na baiskeli ikaendelea kunyooka. Nako za gari nazo zimelazwa vivyo hivyo kidogo. Sasa isimamishe foku ile wima kabisa, au ilaze upande wa pili, na baiskeli haitataka tena kunyooka, itayumba kwa kila kijiwe. Au tazama vile vigurudumu vya mbele vya toroli la supamaketi, jinsi kimoja kikilegea kinavyoanza kupiga kushoto na kulia mara tu unapoongeza mwendo. Hilo toroli ndilo lililokuwa mbele ya mkonga wa mzee.

Kilichoiondoa kasta ni springi zenyewe. Tangu 1999, pikapu za 79 zina koili mbele. Ekseli imeshikwa na mikono miwili mirefu ambayo imefungwa kwenye chesisi kwa nyuma na kushika ekseli kwa mbele. Ukinyanyua mwili wa gari, mikono ile inaelekea chini zaidi kwa mbele, na ekseli, kwa kuwa imefungwa imara kwenye mikono, inajiviringisha pamoja nayo. Juu ya nako kunakuja mbele. Kwa kila inchi unayonyanyua unapoteza takriban nyuzi 1, au zaidi kidogo. Inchi 3 zingemwacha mzee karibu na sifuri.

Lakini yeye alikuwa chini ya sifuri, na hilo lilinisumbua. Nikachukua futi ya chuma na kupima kutoka katikati ya kikombe cha gurudumu hadi ukingo wa tao la mbele, juu yake moja kwa moja. Kipimo hiki kinapuuza ukubwa wa tairi, kinakuambia springi peke yake imefanya nini. Uani kwetu palikuwa na 79 nyingine ya kiwandani, haijaguswa. Nikaipima nayo. Tofauti ilikuwa milimita 92 upande mmoja na 88 upande wa pili. Springi za inchi 3, yaani milimita 75 hivi, zilikuwa zimelinyanyua gari kwa zaidi ya inchi 3 na nusu.

Namba iliyopigwa kwenye springi ikatupa jibu. Zilikuwa springi za gari lenye mzigo wa kudumu mbele: bampa ya chuma, winchi, pengine betri ya pili. Vitu hivyo vikijumlishwa huzidi kilo 100 kwa urahisi. Mzee alikuwa na bampa yake ya kiwandani na hakuwa na winchi. Springi zilizotengenezwa kubeba mtu mnene zilipewa mtu mwembamba, zikabaki zimenyooka. Ndiyo maana pia mzee alilalamika kwamba gari linarukaruka kwenye mawe kama mbuzi.

Kwa hiyo mfuatano wenyewe, nilivyouelewa, ulikuwa hivi. Kunyanyua kuliondoa kasta siku ya kwanza. Gari likabaki halina nguvu ya kujinyoosha lenyewe, lakini viungo vilikuwa vipya na vilibana, kwa hiyo vilificha. Rimu zilizotokeza nje zikaongeza urefu wa mkono ambao kila jiwe linatumia kusukuma nako. Bushi ya panhadi iliyokazwa vibaya ikaanza kulegea, beringi za nako zikaanza kula ndani ya ule uji, na mwezi wa pili mchezo ukatosha. Rasta za barabarani ziliutingisha tu mti ambao mizizi ilishakatika.

Mabishano na mzee

Nilimwambia tunaweza kutengeneza kwa njia mbili. Ya kwanza: tubakize urefu, tubadilishe viungo, tuweke bushi za kusahihisha kasta zenye tundu lililohama kutoka katikati, na kwa urefu wake ule bushi peke yake hazitatosha, itabidi mikono mipya. Ya pili: tushushe.

"Kushusha tena? Mimi nimenyanyua kwa sababu ya mawe."

Nikamwita chini ya gari. Nikamwonyesha lile pumbu la difu, kitu cha chini kabisa kwenye gari lote. Nikamuuliza springi zimelipandisha kwa kiasi gani. Akakaa kimya. Difu iko kwenye ekseli, na ekseli imekalia matairi. Hata uweke springi za futi moja, difu haipandi hata unywele. Kinachoipandisha ni tairi. Tairi lake la zamani lilikuwa na kipenyo cha sentimita 80 na kitu, jipya ni milimita 834. Nusu ya tofauti ndiyo inayokwenda kwenye difu.

"Sasa hapo ni ngapi?"

"Milimita 14, mzee."

Aliitazama difu muda mrefu.

Sikumwambia kwamba kunyanyua hakuna faida. Tumbo la gari linapanda, tangi linapanda, pua na mkia vinapata nafasi ya kuingia na kutoka korongoni bila kugonga, na tairi kubwa linapata pa kuzungukia. Hizo ni faida za kweli kwa njia ya Natron. Ila karibu zote anazipata kwa milimita 50. Zile 40 za juu yake zilikuwa zinamgharimu kasta, breki na usingizi, na zinampa picha nzuri. Picha nzuri nayo ina thamani yake, sikatai, lakini haikuwa kazi ya gari lile. Alikubali kesho yake, baada ya kulala juu ya jambo hilo.

Yaliyofanyika

Nako zote mbili zilifunguliwa, zikaoshwa kwa dizeli, zikapata beringi mpya, sili mpya za ndani na nje, na shimu, vile vibati vyembamba, za kupanga ubanaji mpaka mizani ya buchani ikatoa jibu linalolingana na kitabu cha gari. Zile jointi za ndani ya bakuli hazikuwa zimekufa, tuliziosha na kuzijaza grisi ya molibdenamu. Rodi ya panhadi ya kiwandani ikatoka, ikaingia yenye uzi wa kurefusha, kwa sababu kunyanyua huivuta ekseli upande mmoja. Kwa mzee ilikuwa imehama kama sentimita moja, tuliipima kwa kuning'iniza nati kwenye uzi kutoka kwenye tao. Tundu lililokuwa yai lilichomelewa na kuchongwa upya na fundi wa mashine.

Bushi za kasta zilitupa aibu yetu wenyewe. Zina mshale unaoonyesha zinakoelekea, na kijana wetu alizisukuma kwenye presi pea moja ikiwa juu chini. Mkono wa kushoto uliingia vizuri. Wa kulia ulikataa, bolti ya pili haikupata tundu hata tulipoisukuma ekseli kwa jeki. Nashukuru kwamba kwenye ekseli nzima kosa la namna hiyo linajitangaza lenyewe. Tulizichoma bushi zile, tukanunua pea nyingine kwa hela yetu, na kijana akaandika neno MBELE kwa rangi nyeupe kwenye kila mkono.

Springi mpya zilikuwa za milimita 50, za gari lisilo na bampa nzito. Bolti zote za bushi zilikazwa mwisho kabisa, gari likiwa chini, limetikiswa mara kadhaa ili likae. Rimu hatukuzibadilisha, mzee alikuwa ameshatumia vya kutosha. Moja ilikuwa imepinda kidogo, tukaihamishia kwenye tairi la akiba.

Breki za nyuma ndizo zilizonitia hofu kuliko usukani. Mzee alikuwa hajazilalamikia kabisa. Alitaja tu kwa kupita kwamba brekipedi za mbele zinaisha haraka, na gari likifunga breki linainamisha pua. Juu ya ekseli ya nyuma kuna vali inayopima mzigo kwa fimbo ndogo. Pikapu ikiwa tupu, nyuma inakuwa juu, fimbo inaiambia vali ipunguze nguvu ya breki za nyuma ili zisijifunge. Ikijazwa, nyuma inashuka, vali inaachia. Pasi ya ziada na sheko ndefu ziliinua nyuma, na fimbo haikuguswa. Kwa hiyo hata na kilo 800 za maji na gesi, vali iliamini gari liko tupu. Miezi minane mzee ameshuka vilima kwa breki za mbele karibu peke yake. Tulitengeneza kibano cha kuipandisha fimbo kwa kiasi kilekile nyuma ilichopandishwa, tukajaribu kwenye changarawe likiwa tupu kisha likiwa na mifuko ya mchanga, mpaka breki za mbele zikawa zinatangulia kujifunga kidogo, nyuma zikifuata.

Mpira wa breki wa nyuma nao: tulipoiacha ekseli ining'inie, ulikaza kama uzi wa zeze. Korongo moja lenye kina, gurudumu likining'inia hewani, na mpira ungekatika. Tuliweka mrefu zaidi.

Kisha maji. Nilifungua nati ya difu ya mbele na oili ikatoka na rangi ya chai ya maziwa. Mzee alishangaa kweli. "Si nina mkonga?" Nimekwisha kulisikia swali hilo mara nyingi. Mkonga huiwezesha injini kuvuta hewa juu ya maji, basi. Difu haina mkonga. Ina kivalvu kidogo cha kupumulia, na cha mzee kilikuwa kimezibwa na tope kavu. Difu ikitoka kwenye mwendo ina joto, ukiitumbukiza kwenye maji baridi ya korongo hewa iliyo ndani inasinyaa, inavuta, na isipopata hewa kwenye kivalvu inavuta maji kupitia kwenye sili. Tulivua vivalvu vyote viwili na kuvuta mipira myembamba hadi juu ndani ya boneti. Kazi ya saa moja na nusu, bei ya chakula cha mchana, na nadhani inafaa gari lolote linalovuka maji kabla halijafikiriwa springi.

Siku ya kulijaribu

Alaimenti mpya ilitoa kasta nyuzi 2 na nusu kushoto, karibu 3 kulia. Mara hii karatasi niliisoma mimi, akaisoma mzee, akaisoma na kijana. Tulikwenda mpaka Makuyuni, kilomita 80 hivi, mzee akiendesha, bila dampa. Niliomba iwe bila dampa na alinitazama kama nimechanganyikiwa. Kwenye rasta usukani ulipiga mara moja na kurudi katikati. Kwenye 80 aliachia vidole, gari likanyooka. Tuliifunga dampa pale Makuyuni, ile ya kwanza, nyepesi.

Kuna moja halikupona lote. Bushi za kasta zikiirudisha nako mahali pake, zinaiinamisha pia shingo ya difu ya mbele, kwa kuwa vyote ni chuma kimoja. Pembe za jointi mbili za propela ya mbele, ile shafti inayopeleka nguvu kwenye difu, hazilingani tena sawasawa, na zisipolingana propela hutetemeka. Mtetemo huo husikika pale tu hapu za mbele, vile vifungo vya kwenye magurudumu, zinapofungwa, maana zikiwa huru propela ya mbele hulala. Kwa mkonga wa mzee unaanzia kwenye 75, gari likiwa kwenye magurudumu manne. Nilimweleza. Akasema akiwa kwenye manne haendi hata 50. Tukaliacha, nikaliandika kwenye daftari lake.

Daftari hilo nilimpa mimi. Kuna ukurasa wa kukaza upya yubolti za springi za nyuma baada ya kilomita 500 za kwanza, kwa sababu pasi mpya hulala na nati hulegea. Kuna wa kugrisi propela kila baada ya kuvuka maji, si kwa kuhesabu kilomita. Kuna wa kuosha chini ya gari kwa maji matamu kila anaporudi, kwani magadi ya Natron yakikaa kwenye mabomba ya breki yanayala kimyakimya. Na kuna wa upepo: kwenye vile vimikunjo hushusha hadi psi 28 mbele, kwenye mchanga 20, na haruhusiwi kuingia lami kabla hajajaza. Hili la mwisho alilivunja mara moja, akarudi na tairi lenye ubavu uliokatika, akasingizia jiwe.

Zile springi ndefu alizibeba nyumbani. Miezi michache baadaye alimuuzia jamaa mwenye 79 ya bampa ya chuma, winchi na betri mbili. Jamaa alizifungia kwetu. Nilipopima kutoka kwenye kikombe hadi kwenye tao, gari lilikuwa limepanda milimita 74.